Programu ikianguka mara ya kumi: systemd, supervisord, runit, s6 au Docker?

Ilikuwa Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi, na simu ya kwanza ilitoka kwa mama mwenye duka la spea Kirinyaga Road. "Kijana wangu, wateja wanalipa na pesa naiona kwa simu, lakini risiti hazitoki tangu jana." Nikamwambia, "Pole sana mama, nipe dakika kumi." Nilikuwa bado ndani ya matatu, tumekwama Pangani. Nikaingia kwenye seva kwa simu, nikauliza hali ya huduma yetu, na mistari miwili ya mwisho ikawa hii:

```
Scheduled restart job, restart counter is at 5.
Start request repeated too quickly.
```

Maana yake ni kwamba systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, iliiwasha programu yetu mara tano ndani ya sekunde mbili hivi, ikaona imetosha, ikanyoosha mikono. Jumapili asubuhi stima ilipotea, ikarudi, na seva ikaamka kabla hifadhidata haijawa tayari. Hifadhidata ilikuja sekunde kumi na mbili baadaye. Programu haikuwashwa tena. Ililala saa ishirini na moja huku ujumbe wa malipo ya M-Pesa ukijaa kwenye foleni.

Programu ya aina hiyo, isiyo na dirisha wala kitufe, inayofanya kazi chinichini usiku na mchana, wenye kazi huiita dimoni. Na programu inayoilinda isife moja kwa moja ni msimamizi wa huduma. Kabla ya siku ile nilikuwa nachagua msimamizi kwa kuuliza kama huwasha upya kilichoanguka. Swali hilo halina faida kwa sababu wote huwasha. Sasa nauliza mambo matatu: kati ya kuanguka na kuwashwa anangoja muda gani, ni wakati gani anahesabu kwamba programu imepona, na akishindwa ananiambia vipi. Kwenye hayo matatu wasimamizi hawa wanatofautiana sana, na namba wanazokuja nazo kutoka kiwandani ndizo zinazotuumiza.

Anajuaje kwamba imekufa?

Zamani skripti za kuwasha huduma ziliiachia dimoni ijitenge na aliyeiwasha, iandike namba yake ya mchakato kwenye faili, kisha kila mtu akaenda zake. Ikifa, faili linabaki na namba ya marehemu. Mbaya zaidi, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa mashine, inaweza kumpa mchakato mwingine (programu nyingine inayokimbia) namba ileile, nawe ukamuua asiyehusika.

Mwandishi wa programu Daniel J. Bernstein alilimaliza tatizo hilo kwa zana zake ziitwazo daemontools: msimamizi anabaki kuwa mzazi wa dimoni, na mtoto akifa kerneli humpa mzazi habari papo hapo. Hakuna faili la kubahatisha. runit, s6, supervisord na systemd zote zimejengwa juu ya wazo hilo. Monit peke yake kati ya ninazozitaja hapa hukaa nje, hupiga doria kila baada ya muda na kuchungulia kama nyumba ina watu. Nitairudia, kwa sababu kuchungulia huko kuna kazi yake.

systemd: mwenye uwezo mwingi na namba za kutisha

Seva za kukodi ninazozishika hapa Nairobi karibu zote huja na Ubuntu au Debian (aina mbili za Linux), na zote mbili zilihamia systemd mwaka 2015. Kwa hiyo kwa wengi wetu huyu tayari yumo ndani, hata kama hatujamtambua.

La kwanza la kujua: usipoandika chochote, systemd haiwashi upya. Chaguo-msingi ni `Restart=no`. Ukiandika `Restart=on-failure`, atawasha programu iliyotoka na msimbo usio sifuri (namba ambayo programu huiacha inapojifunga; sifuri ni kuaga salama) au iliyouawa kwa nguvu, kwa mfano kerneli inapoiua kwa sababu kumbukumbu ya mashine imekwisha. Ukiandika `Restart=always`, atawasha hata iliyoaga kwa heri. Hapo pana mtego niliouona kwa macho yangu. Aliyeandika dimoni moja tuliyoirithi aliikamata kila hitilafu, akaichapa kwenye logi (daftari la matukio ya programu), kisha akaifunga programu kwa msimbo sifuri. Kwa `on-failure`, systemd aliona imemaliza kazi salama na akaiacha. Kwa dimoni isiyotakiwa kuisha hata siku moja, mimi huandika `always` bila kusita. Ukitaka kuizima wewe mwenyewe, `systemctl stop` huheshimiwa. Haitawashwa kwa nguvu.

Sasa namba. Kati ya kuanguka na kuwashwa, systemd hungoja milisekunde 100. Kikomo ni kuwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Jaribio la sita hukataliwa na huduma huandikwa failed. Ziweke namba hizo mbili pamoja uone zinavyofanya kazi. Programu inayokufa mara tu inapokosa hifadhidata humaliza nafasi zake zote tano kabla hujakohoa. Ndivyo ilivyotukuta.

Lakini geuza upande wa pili. Tuseme programu huchukua sekunde tatu kusoma mipangilio yake, ndipo ianguke. Kila mzunguko ni sekunde tatu na kidogo, kwa hiyo ndani ya sekunde 10 haiwezi kuwashwa zaidi ya mara nne. Kikomo hakiguswi kamwe. Itaanguka na kuinuka wiki nzima. Vivyo hivyo kwa wale wanaoandika `RestartSec=5` kwa nia njema na kuacha namba nyingine zilivyo: wamefuta kikomo bila kujua, kwa kuwa mara tano za sekunde tano haziingii ndani ya kumi.

Na hilo linavunja kitu kingine ambacho watu hukitegemea. Kuna mstari wa `OnFailure=` unaokuruhusu kuwasha huduma nyingine, tuseme ya kukutumia ujumbe, pale hii inaposhindwa. Huduma yenye `Restart=` huhesabiwa imeshindwa pale tu kikomo kinapogongwa. Isipokigonga, kengele hailii. Unakuwa na dimoni inayokufa mara elfu kwa siku na simu yako kimya kabisa. Nimewahi kumkuta kijana mwenzangu amejiaminisha kwamba kila kitu ni salama kwa sababu hajapata ujumbe hata mmoja kwa mwezi mzima, kumbe hesabu ya `NRestarts`, yaani mara ilizowashwa upya, kwa huduma yake imepita elfu kumi. Iangalie yako leo: `systemctl show -p NRestarts` ukifuatishia jina la huduma.

Hii ndiyo mipangilio niliyoiweka kwenye seva ya yule mama:

```
[Unit]
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=20
OnFailure=piga-kengele.service

[Service]
Restart=always
RestartSec=5
```

Inavumilia hifadhidata iliyochelewa kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Wakati huohuo, programu yoyote inayoishi chini ya sekunde kumi kila inapowashwa itagonga kikomo ndani ya dakika tano, na kengele italia. Zingatia kwamba mistari ya kikomo hukaa chini ya `[Unit]`. Ukiweka `StartLimitIntervalSec=` chini ya `[Service]`, systemd huipuuza na kuandika onyo ambalo hakuna anayelisoma. Na kikomo kikishagongwa, hata ukijaribu kuiwasha kwa mkono utakataliwa hadi muda upite, au uandike kwanza `systemctl reset-failed`. Usiku wa dharura jambo hilo hutia watu hofu bure.

Tangu toleo la 254 la mwaka 2023 kuna `RestartSteps=` na `RestartMaxDelaySec=`, zinazorefusha subira hatua kwa hatua kila programu inapoanguka. Ubuntu 24.04 inazo. Debian 12, yenye toleo la 252, haina, kwa hiyo huko utabaki na subira isiyobadilika.

Sifa moja ya systemd ambayo naithamini kuliko zote ni jinsi anavyosafisha. Kila huduma huwekwa ndani ya zizi lake kwenye kerneli, pamoja na kila mtoto na mjukuu iliyemzaa. Huduma ikizimwa, zizi zima husafishwa. Utaelewa thamani yake tukifika kwa anayefuata.

supervisord: mwepesi kuelewa, lakini sekunde moja yake imedanganya wengi

supervisord imeandikwa kwa lugha ya Python na imekuwepo kwa miaka mingi. Wanaojenga tovuti kwa zana kama Django au Laravel humpenda, nami naelewa sababu. Faili lake ni fupi, `supervisorctl status` huonyesha kila kitu kwenye ukurasa mmoja, na unaweza kumtumia bila kuwa na mamlaka ya mkuu wa mashine. Kwenye seva ya pamoja ambako hupewi ufunguo huo, mara nyingi yeye ndiye atakayekufaa.

Anavyohukumu ni hivi. Programu ikiishi sekunde moja baada ya kuwashwa, inahesabiwa inakimbia. Ikifa kabla ya hapo, anaijaribu tena mara tatu, akiongeza sekunde moja ya subira kila mara, kisha anaiandika FATAL na kuiacha. Jumla ni kama sekunde sita hivi. Hifadhidata yetu iliyochelewa sekunde kumi na mbili ingemshinda pia.

Na ikishapita ile sekunde moja? Hakuna kikomo tena, wala subira. Programu inayokufa baada ya sekunde mbili itawashwa papo hapo, milele. Zile nafasi tatu ni za kuwasha tu. Hazihesabu vifo vya baadaye. Dalili yake iko wazi ukijua pa kutazama: andika `supervisorctl status` mara tatu mfululizo, na kama muda wa kuishi haupiti `0:00:02`, umempata mgonjwa. Tiba ni kupandisha `startsecs` iwe ndefu kuliko muda ambao programu yako hutumia kufa, tuseme 15, na kupandisha `startretries` pia.

Sasa lile zizi. Kwa mteja mmoja tulikuta programu ya wavuti imewashwa kupitia skripti ya bash (faili la amri), na bash nayo ikaiwasha Python kama mtoto wake. Kila walipobadilisha toleo, supervisord alimuua bash. Python alibaki hai, yatima, ameshikilia poti 8000, mlango wa mtandao wa programu ile. Toleo jipya likija linakuta mlango umeshikwa, linakufa, linajaribiwa mara tatu, FATAL. Wateja wakaendelea kuhudumiwa na toleo la zamani kwa siku mbili, na kila aliyetazama aliona tovuti iko hewani. Dawa ni maneno machache: kuandika `exec` mbele ya amri ya mwisho ya skripti, pamoja na `stopasgroup=true` na `killasgroup=true`. Kwa systemd yatima huyo asingebaki.

Swali la mwisho kwa supervisord ni nani anamlinda mlinzi. Akiuawa ghafla, watoto wake hubaki bila mzazi, na akiwashwa upya hawatambui. Kwenye Ubuntu anayemlinda ni systemd mwenyewe, jambo linalokufanya ujiulize kama ulihitaji ghorofa mbili.

runit na s6: kizazi cha daemontools

runit ya Gerrit Pape ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuieleza yote kwa mtu mkiwa kwenye foleni ya matatu. Saraka moja kwa kila huduma, ndani yake skripti inayoitwa `run`. Ikiisha, kwa sababu yoyote, inawashwa tena, na hakuna kuwasha mara mbili ndani ya sekunde moja. Basi. Void Linux imeijenga mashine nzima juu yake.

runit hakati tamaa. Kwa tatizo letu la Jumapili angetuokoa bila kubadilisha namba hata moja: angejaribu kama mara kumi na mbili, hifadhidata ingekuja, risiti zingetoka. Kwa kisanduku kilichofungwa stoo mahali ambapo kufika ni safari ya bodaboda, msimamizi asiyekata tamaa ndiye ninayemtaka.

Gharama yake iko kwenye logi. Kuanguka kila sekunde ni mara 86,400 kwa siku. Kila kifo kikiacha maelezo ya kilobaiti nne, hiyo ni kama megabaiti 345 kila siku. svlogd, mwandishi wa logi wa runit, hulinda diski yako kwa kuhifadhi mafaili kumi ya megabaiti moja moja. Lakini piga hesabu: megabaiti kumi hujaa kwa vifo kama 2,500, ambavyo ni dakika arobaini na kitu. Ukiamka asubuhi, kifo cha kwanza, kile chenye sababu halisi, kimeshafutwa na vifo vya baadaye. Ndiyo maana mimi huweka skripti ya `finish` kwenye kila saraka. runit huiita kila programu inapokufa na kuipa msimbo wa kutokea. Yangu huandika saa na msimbo huo kwenye faili la pembeni, kisha inalala sekunde tano. Mistari mitatu tu, na inatosha.

s6 ya Laurent Bercot ni ndugu yake mkali zaidi. Ina njia safi ya kusema "usiniwashe tena": skripti ya `finish` ikitoka na msimbo 125, s6 huelewa kwamba hitilafu ni ya kudumu na huiacha huduma chini. Faili la mipangilio likiwa na kosa, kujaribu mara elfu hakutalisahihisha. Hifadhidata ikichelewa, kujaribu ndiyo dawa. Hakuna mwingine hapa anayekuachia utofautishe hayo mawili kwa msimbo wako mwenyewe kwa urahisi huu, ingawa systemd hukaribia kwa `RestartPreventExitStatus=`. s6 pia hujua kutofautisha programu iliyowashwa na programu iliyo tayari kupokea kazi, mradi programu yenyewe ijitangaze. Ubaya wake ni kwamba vipande ni vingi na kujifunza kunahitaji jioni kadhaa.

Docker na Kubernetes

Docker, inayoendesha programu ndani ya vifurushi vilivyojitenga viitwavyo kontena, haiwashi upya usipoiambia. Ukiweka `--restart unless-stopped`, subira huanza na milisekunde 100, huongezeka maradufu kila kontena inapoanguka, na husimama kwenye dakika moja. Huu ndio mwenendo ninaoupenda: haukati tamaa na haupigi kelele. Kasoro ni kipimo chake cha kupona. Kontena ikiishi sekunde 10, subira hurudi mwanzo. Programu inayokufa kila sekunde ya kumi na moja itawashwa haraka daima. Na kontena iliyopimwa ikaonekana mgonjwa haiwashwi upya na Docker peke yake. Huandikwa tu kwamba ni mgonjwa.

Kubernetes, inayosimamia kontena kwenye mashine nyingi, hungoja sekunde 10, 20, 40, hadi dakika 5, na haisahau mpaka kontena iishi dakika 10. Kwa kipimo cha kupona ndiye mwenye busara kuliko wote. Ila kwa duka moja la spea ni lori la kubebea mkate.

Aliye hai lakini amekwama

Programu inaweza kuwa haijafa, imeganda tu ikingoja jibu lisilokuja. Mzazi hawezi kuliona hilo, kwa sababu mtoto yuko hai. Hapa ndipo Monit inapolipa: inagonga poti, ikikosa jibu inawasha upya, na unaweza kuiambia iache baada ya kujaribu mara kadhaa. Kwenye Debian doria yake ni kila sekunde 120 usipoibadilisha, kwa hiyo usiitegemee kwa kuanguka kwa kawaida. systemd ana `WatchdogSec=`, lakini programu yenyewe lazima itume salamu kila muda huo; isipotuma inauawa na kuwashwa upya. Ukiwa na uwezo wa kugusa msimbo wa programu, tumia hii ya pili. Kubernetes nayo hugonga mlango, ukiiambia.

Ningekuchagulia nini

Seva moja ya kukodi yenye Ubuntu au Debian: baki na systemd, badilisha namba zake leo, usiongeze msimamizi wa pili. Kama tayari una supervisord na programu ishirini ndani yake, huna haja ya kuhama. Pandisha `startsecs` na uondoe skripti za bash zisizo na `exec`. Kontena moja iliyobeba michakato miwili mitatu: s6, kupitia s6-overlay, kifurushi chake cha kontena. Kisanduku kidogo mbali na wewe, kisicho na mtu wa kukigusa: runit. Docker kwenye seva moja inatosha, mradi uwe na kitu cha nje kinachogonga mlango.

Kabla hujaweka chochote mbele ya wateja, jaribu kwa mikono yako. Iue programu kwa `kill -9` na uhesabu sekunde hadi irudi. Zima hifadhidata dakika moja nzima, iwashe, uone kama programu imerudi bila wewe kugusa kitu. Kisha igandishe kwa `kill -STOP` na uulize hali yake; bila `WatchdogSec=`, systemd atakuambia kwa rangi ya kijani kwamba inakimbia. Kwenye seva ya Kirinyaga Road nilifanya hayo yote Jumanne jioni duka likiwa limefungwa. Nilipozima hifadhidata kwa dakika moja programu ilirudi sekunde nne baada yake. Nilipoizima kwa dakika tatu, simu yangu ililia kabla sijaiwasha.